Vibao Vitawaambia

Ilikuwa stesheni ndogo, ndogo ya kuchekesha. Abiria akipiga chafya dirishani, akija kufumbua macho ameshaipita. Ofisi ya chumba kimoja, jukwaa la saruji lenye nyufa, benchi refu la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu, choo kule nyuma, basi. Mgongoni mwa ofisi palikuwa na nyumba ya vyumba viwili, na humo aliishi mkuu wa stesheni, mwanamke mnene wa makamo ambaye watu wote wa kando ya reli walimwita Mama Bendera. Mkuu ndiye yeye, karani ndiye yeye, mfagiaji ndiye yeye. Akitaka kumgombeza mfanyakazi ilibidi ajitazame kwenye kioo.

Chumba cha pili kilikuwa cha baba yake. Mzee alihamia nyumba ile akiwa kijana wa kupanga njia za reli, akaoa akiwa humo, akamtoa mkewe humo kwenda kumzika, na sasa mapafu yake yalikuwa yamechoka na dunia. Alilala karibu na dirisha, akikohoa na kusikiliza treni. Ombi lake lilikuwa moja tu, na alilirudia mpaka likazoeleka kama kikohozi chenyewe: afie chumba kile. "Mkinihamisha mtaniua mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza kwa kunihamisha."

Treni ya njia ile ilikuwa moja, ikienda mjini na kurudi, asubuhi, mchana, alasiri na jioni, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Iliendeshwa na Mjomba Honi, mzee mwembamba mcheshi asiyekuwa mjomba wa mtu yeyote ila aliitwa hivyo na kila mtu. Zamani treni ilisimama kila stesheni. Abiria walipopungua, yeye na watu wa kando ya reli wakaelewana bila kuitisha mkutano. Treni ikitokeza kwenye kona, Mjomba anapiga honi. Mwenye safari ananyanyuka kwenye benchi, anasogea ukingoni, na breki zinashikwa. Aliyebaki ameketi amekuja kupumzika tu, maana benchi lile lilikuwa na kivuli kizuri na waliotoka shambani walipenda kutulia pale na majembe yao. Huyo anapungiwa mkono, anapunga, na treni inapita zake. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo. Watoto walilijua kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati.

Mama Bendera mwenyewe, mwenye safari awepo asiwepo, treni ikija alitoka na bendera yake kwapani. Kama kulikuwa na wa kupanda au wa kushuka aliinyoosha. Kama hakuna, aliitia tena kwapani na kumuuliza Mjomba kwa ishara kama amekula.

Basi akaja kijana mmoja kutoka makao makuu ya reli, mwenye viatu vya ncha na kabrasha chini ya mkono. Kila sentensi yake ilianza na "katika mipango yetu", kwa hiyo kabla hajamaliza kikombe cha chai alikuwa ameshapata jina: Bwana Mipango. Hakuwa mtu mbaya. Alileta habari mbaya kwa adabu.

"Katika mipango yetu, mama, stesheni zisizo na abiria zinafungwa. Mlango unapigiliwa misumari, nyumba inarudi shirikani."

Mama Bendera aliitazama sakafu yake aliyoipiga deki asubuhi ile. Nyuma ya ukuta mzee alikohoa, na wote wawili wakasubiri amalize.

"Lakini hapa kwenu kuna maporomoko ya maji," Bwana Mipango aliendelea. "Picha zake zimefika ng'ambo. Watalii wanayaulizia. Sasa mtalii wa siku hizi hataki kushikwa mkono, mama. Anataka ashuke, asome, aelewe, aende zake, arudi. Tunataka vibao vya lugha zao. Msimu huu ni wa majaribio. Stesheni itakayoonyesha kwamba mgeni anaweza kujihudumia mwenyewe itabaki. Ila yakija malalamiko, hata moja, mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

"Na nyumba?"

"Stesheni ikibaki, nyumba inabaki."

Alipoondoka, Mama Bendera aliingia chumbani kwa baba yake, akamkuta amekaa wima kitandani, macho yamemtoka. Alikuwa amesikia kila neno. Ukuta ule ulikuwa mwembamba tangu siku ulipojengwa.

"Vibao," mzee akasema. "Vibao tu? Si waseme! Mlete Kasuku."

Kasuku alikuwa binti pekee wa Mama Bendera, aliyekuwa akisomea lugha za watu katika jiji la mbali, na jina hilo alipewa na babu yake siku aliporudi likizo na kuwasalimu kwa lugha ambazo zilimshtua hata mbwa. Akaja. Makao makuu walileta mbao na rangi na orodha ya mambo ya kuandikwa, na kwa wiki nzima jukwaa lile dogo likanuka rangi na kicheko. Mama alipaka weupe, binti akachora herufi na mstari mwekundu mbele ya benchi, babu akatoa amri kutoka dirishani.

"Choo! Msisahau choo! Mgeni akibanwa hana lugha!"

"Babu, choo tumeshaandika!"

"Andikeni kingine. Mwingine haoni vizuri."

Vikasimama, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa lugha tatu za ng'ambo. Choo. Maji haya si ya kunywa. Njia ya kwenda maporomokoni. Msaada, na mshale ulioelekea mlango wa ofisi. Na kile kikubwa kuliko vyote, ambacho Bwana Mipango alikisisitiza kwa sababu wageni, alisema, wana tabia ya kuchungulia reli wakipiga picha, kikatundikwa juu ya benchi: Tafadhali keti nyuma ya mstari mwekundu mpaka treni isimame kabisa. Kasuku aliwapelekea walimu wake maandishi yote, wakayapitia na kuyasifu. Hapakuwa na kosa. Hilo lijulikane mapema, maana baadaye watu walilitafuta kosa kwenye vibao vile wakaishia kuumwa macho.

Mama Bendera alivipenda vibao vile kuliko alivyotaka watu wajue. Jioni alipita akivifuta vumbi kwa kanga kuukuu, ingawa hakuweza kusoma hata neno moja. Majirani walipokuja kuvishangaa alijitia hamnazo. "Ah, hivyo? Ni mambo ya ofisi tu." Kumbe kichwa kimevimba.

Wageni wakaanza kuja. Si wengi, wawili leo, mmoja keshokutwa, kikundi cha vijana wenye mabegi makubwa kuliko wao. Walishuka, wakasoma, wakaenda maporomokoni, wakarudi na nywele mbichi, wakaketi nyuma ya mstari mwekundu kama watoto wa shule wenye adabu. Treni ikija, Mama Bendera alikuwa pale ukingoni, bendera imenyooshwa, na treni ikasimama. Bwana Mipango alituma salamu kwamba wakubwa wamefurahi. Mzee alilala usingizi ambao alikuwa hajaupata muda mrefu.

Kisha asubuhi moja mzee akakohoa damu.

Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa nyekundu sana kwenye shuka nyeupe. Hospitali ilikuwa mjini. Mama Bendera alimvalisha baba yake koti, akafunga mlango wa ofisi, akautia ufunguo kifuani, akamkokota mpaka ukingoni mwa jukwaa. Mzee alitazama mlango uliofungwa.

"Na wageni wakija, mwanangu? Nani yupo?"

"Vibao vitawaambia, baba. Ndiyo kazi yake."

Treni ya asubuhi ikasimama, maana wao wawili walikuwa wima pale. Wakati yeye anamsukuma baba yake apande, kutoka behewa la nyuma wakashuka wageni wawili, mume na mke, wazee wenye nywele nyeupe na viatu vya kutembelea. Mke alikuwa mfupi, mchangamfu, shavu jekundu kwa jua. Alikiona kibao cha kwanza akapiga kofi la furaha, akamvuta mumewe amwonyeshe, kisha akamwona Mama Bendera na kuelewa mara moja nani mwenye mali. Akamjia mbio, akamshika mikono yote miwili, akasema maneno mengi. Mama Bendera akacheka, akaonyesha kibao cha maporomoko, akaonyesha kibao cha benchi, akainua kidole gumba. Yule mama naye akainua cha kwake. Honi ikalia. Waliachana hivyo, kila mmoja akicheka na vidole gumba hewani, na Mama Bendera alikaa karibu na dirisha akajiona mtu aliyefanya jambo katika maisha yake.

Hospitalini walipanga foleni, wakapigwa picha ya kifua, wakapanga foleni nyingine. Daktari hakuwa na maneno mengi. Alisema mzee apumzike nyumbani, apewe anachopenda, asisumbuliwe. Mama Bendera alielewa alichoambiwa. Alimnunulia baba yake maziwa, akajikaza asilie mbele yake, na jioni ilipokaribia wakawa kwenye stesheni kubwa ya mjini wakisubiri treni ya kurudi.

Mjomba Honi alikuja kumsalimu mzee, akamsaidia kupanda, akamfunika miguu kwa koti lake mwenyewe.

"Pole, kaka. Utapona tu, tuzeeke vizuri." Kisha akamgeukia Mama Bendera, uso umechangamka. "Mama, wageni wako wa leo wamelipenda lile benchi lako! Mchana nimepita nimewakuta wameketi. Alasiri wakati nakuja huku, wako palepale! Bibi amelala begani kwa mzee wake, raha mustarehe. Na yule mzee ananipungia kofia, ananipungia! Nikampigia honi nyingi, nikampungia na mimi. Mapenzi ya uzeeni matamu jamani."

Mama Bendera alicheka. Alisema hata yeye asubuhi alikuwa amewapenda. Mjomba akaenda kwenye injini yake, treni ikaondoka, na kicheko kile kilikuwa bado usoni kwake walipopita nyumba za mwisho za mji.

Kisha kikaanza kumtoka. Alijiuliza kwa nini watu waliotembea asubuhi wakae benchini mchana kutwa. Labda wamechoka. Lakini treni ya mchana ndiyo iliyokuwa ya kuwarudisha walikotoka, na ilipita, na wao walikuwepo. Akaliona benchi. Akakiona kibao kikubwa juu ya benchi, weupe alioupaka yeye mwenyewe kwa mikono hii, na akajikumbusha Kasuku alivyomsomea kwa lugha ya nyumbani: keti mpaka treni isimame kabisa. Hawakunyanyuka. Walifanya walivyoambiwa, na hakuna aliyewaambia kwamba hapa ukiketi hakuna treni itakayosimama. Yeye alikuwa na bendera kila siku, na kila siku bendera ndiyo iliyosimamisha treni, na hakuwahi kuliwaza. Nani angeliwaza? Ni kama kumwandikia mtu kibao kwamba akishatafuna ameze.

"Mbona umejikunyata hivyo?" baba yake akamuuliza.

"Baridi, baba."

Hapakuwa na baridi. Na bado alijifariji: wamechelewa tu, watapanda hii, nitawakaribisha chai, nitaomba radhi, tutacheka. Alijipa moyo hivyo kila kilima. Lakini lile la bibi kulala begani lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Treni ilisimama kwa kuwa yeye na baba yake walikuwa wanashuka. Jua lilikuwa limelalia vilima. Mzee wa kigeni alikuwa palepale, mgongo umenyooka, mkono mmoja umemzunguka mkewe, na kofia yake amemfunika nayo usoni ili jua la jioni lisimpige. Mama Bendera alimwacha baba yake akiwa ameshikiliwa na Mjomba, akakimbia, akapiga magoti mbele ya benchi. Aliushika mkono wa yule mama, ule uliomshika asubuhi. Ulikuwa umepoa.

Yule mzee alimtazama. Akaanza kusema, polepole, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Akaonyesha mlango wa ofisi, ule wa mshale wa msaada, wenye kufuli. Akaonyesha reli, upande huu, kisha upande ule. Akaiga honi kwa mdomo. Mama Bendera hakuelewa hata neno na alielewa yote. Nyuma yake alimsikia Mjomba Honi akisema, "Kumbe alikuwa ananiita? Alikuwa ananiita mimi?" na alirudia hivyo mpaka sauti ikamkatika.

Mzee wa nyumbani akalazwa chumbani kwake, jirani akakaa naye, na treni ileile ikageuzwa kumpeleka marehemu mjini. Daktari wa zamu alisema ni moyo. Alisema, akitazama pembeni, kwamba ulianza kumsumbua mchana ule, na kwamba angeletwa alasiri pengine wangezungumza mengine. Alasiri Mama Bendera alikuwa hospitali hiyohiyo, kwenye foleni ya pili.

Kesho yake Kasuku alifika mjini kwa basi, macho yamevimba, akaenda moja kwa moja kukaa na yule mzee, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kusema naye. Kule stesheni Bwana Mipango alifika na kabrasha lake. Safari hii hakusema "katika mipango yetu". Alikaa kwenye kigoda chumbani kwa babu, Mjomba Honi akasimama mlangoni.

"Wakubwa wanataka maelezo," Bwana Mipango akasema. "Nikiandika kwamba hapa treni haisimami mpaka mtu anyanyuke, na sisi tumewaandikia wageni waketi, stesheni hii imekwisha leo. Na mimi pamoja nayo, tusifichane. Lakini kama jua lilimpiga dereva machoni... kama hakuwaona..."

"Niandike mimi," Mjomba akasema. Alikuwa amezeeka usiku mmoja. "Andika sikuwaona. Mimi nilikuwa karibu kustaafu, wakiniondoa mapema sijapungukiwa kitu. Huyu kaka yangu hapa aachwe afe kitandani kwake."

Mama Bendera alifungua mdomo. Baba yake akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hakujua kama bado anayo.

"Nyamaza, mwanangu. Aliyekufa amekufa. Mimi bado kidogo. Niache niishie hapa."

Akanyamaza. Mtu ambaye hajawahi kushikwa mkono na baba yake namna ile asimlaumu. Bwana Mipango akaandika, Mjomba akaweka sahihi, na ilionekana kama mambo yatalala hapo. Ila yule mzee wa kigeni alikuwa bado mjini akisubiri karatasi za kumsafirisha mkewe, na kabla giza halijaingia Kasuku alimpigia mama yake kwenye simu ya ofisi.

"Mama, wamemwambia dereva hakuwaona. Hajakubali."

"Anasemaje?"

"Anasema alimwona. Walitazamana. Anasema dereva alicheka, akampungia, akapiga honi, akaenda zake. Hajakasirika, mama. Ingekuwa afadhali akasirike. Ananiuliza swali moja tu tangu nifike. Anauliza, tuliwakosea nini? Anadhani labda kule maporomokoni walikanyaga pahali pasipokanyagwa, au mkewe alivaa vibaya, au alipokushika mikono ile asubuhi ilikuwa ni matusi. Anataka kujua ni kitu gani mkewe alifanya mpaka watu wakamcheka akiwa anakufa."

Mama Bendera aliweka simu chini. Alikaa kwenye kiti chake cha ukarani, akalia kilio ambacho alikuwa amekizuia tangu kwa daktari, akijifunga mdomo kwa kanga ili ukuta usikie kidogo. Kisha akaosha uso. Hakumuaga baba yake kwa maneno; alimfunika vizuri, akamwomba jirani akae naye, na asubuhi akapanda treni.

Mzee wa kigeni alikuwa kwenye chumba cha kusubiria cha hospitali, kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. Bwana Mipango naye alikuwepo kwa ajili ya karatasi. Alipomwona Mama Bendera anaingia na uso ule, alijua alichokijia.

"Mama," akasema taratibu, "mfikirie mzee wako."

"Nimemfikiria usiku kucha." Akamgeukia binti yake. "Mwambie. Neno kwa neno, usipunguze."

"Mama, una hakika?"

"Mwambie hawakutukosea kitu. Hata kidogo. Mwambie asubuhi ile mkewe aliponishika mikono nilifurahi."

Kasuku akatafsiri. Yule mzee akainua macho, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo, na Mama Bendera akaona kwamba amefanya vyema kuja. Akaendelea. Akasema dereva si mtu katili. Kwetu kule, akasema, mwenye safari hunyanyuka kwenye benchi treni ikitokeza, na anayebaki ameketi huwa amepumzika tu, basi dereva alidhani wamepumzika, akawasalimia. Akasema hatukuandika hilo popote. Tuliandika waketi. Hatukujua kwamba ni jambo la kuandikwa. Mimi ndiye niliyepaka kile kibao, na mimi ndiye niliyefunga mlango nikaondoka. Nyinyi mlifanya tulivyowaambia. Kosa ni letu lote.

Alipomaliza, Bwana Mipango alikuwa amelifunga kabrasha lake na kuliweka sakafuni. Hapakuwa na la kufanya. Mgeni mwenyewe ameshaujua ukweli, na maelezo yale ya jua machoni yasingesimama tena. Nyumba ilikuwa imeondoka. Mama Bendera aliliona hilo kwa kona ya jicho, akaona na chumba cha baba yake kikitolewa kitanda, na bado kifua chake kilikuwa chepesi kwa namna ambayo hakuitegemea. Angalau huyu atarudi kwao akijua mkewe hakuchekwa.

Lakini mzee wa kigeni hakuwa ametulia. Alikuwa amemkodolea Kasuku macho. Aliuliza kitu kifupi. Kasuku akajibu. Akauliza tena, na safari hii alinyanyua mkono wake wa kulia, akauonyesha, akaushusha polepole kuelekea chini, kama mtu anayemvuta mtoto akae. Akaufanya hivyo mara nyingine, akiutazama mkono wenyewe. Kasuku akawa ameziba mdomo.

"Anasemaje?" Mama Bendera akauliza. "We Kasuku! Anasema nini?"

"Anauliza kama wangenyanyuka tu. Kama ingetosha. Nimemwambia ndiyo. Anasema treni ya mchana ilipotokeza kwenye kona, mkewe alinyanyuka. Alikuwa mzima, alikuwa anacheka, alitaka kwenda ukingoni kuipungia. Yeye ndiye aliyemvuta mkono akamkalisha. Alimwambia, keti, soma kibao, tusiwavunjie watu utaratibu wao."

Yule mzee alikuwa bado anautazama mkono wake. Mama Bendera alitaka kumgusa, akashindwa, akabaki amesimama na mikono yake mitupu. Baadaye karani aliingia na karatasi. Mzee alizitia sahihi zote alizoonyeshwa, na hakuuliza tena kitu chochote.